Nipe Mzima

Ukitaka nikasirike, niambie kazi yangu ni kushika kamera tu. Kushika! Utadhani kamera ni ndoo ya maji. Siku za kawaida nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Edmonton, London, na Jumamosi na Jumapili napiga video za watu wetu: harusi, sendofu za kuwaaga mabinti wanaoolewa, ubatizo, misiba. Nimefanya hivyo miaka mingi, na nakuambia kazi ya kamera si kushika. Kazi ya kamera ni kuchagua kipi kisionekane.

Chukua harusi moja ya Woolwich. Ukumbi mkubwa, wageni wamekuja robo. Mvua ilikuwa inanyesha, treni zimekatishwa, wengine wameitwa shifti ghafla. Mama wa bwana harusi akanivuta pembeni, macho yamemtoka. "Mwanangu, hii video inakwenda Mbeya. Ukumbi uonekane umejaa." Nikamwambia, mama, umeshajaa, wewe kacheze. Nikashusha kamera usawa wa meza, nikabana shoti, na kila nikimaliza meza moja nawaambia vijana wavue makoti wahamie meza inayofuata. Mbeya waliona ukumbi umefurika mpaka wakapiga simu kuuliza chakula kilitosha vipi.

Ujanja huo sikuzaliwa nao. Nilifundishwa na fundi mmoja aliyekuwa na studio Morogoro mjini, mzee mkali, mvutaji sigara, asiye na habari na maneno ya vitabuni. Kwake zilikuwepo shoti tatu. Mzima ni mtu kuanzia utosini hadi viatuni. Nusu ni kiunoni kupanda juu. Uso ni uso. Unapiga, naye yuko nyuma yako anakusukuma bega: "Nipe mzima! Haya, nusu! Uso sasa, uso, huoni analia huyo?" Na alikuwa na sheria moja asiyoitania. Anza na mzima, mtazamaji ajue mtu yuko wapi na amesimamaje, ndipo umkaribie. Ukianza na uso ukaishia na uso, umemwibia mtazamaji.

Sheria hiyo nimeishika kwenye harusi za watu wote. Nilikuja kuisahau kwa mama yangu mzazi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Kule kwetu Morogoro mtu akiwa na harusi au arobaini anamwita yeye asimamie masufuria, na kusimamia kwa mama kulikuwa kusimama kweli, tangu alfajiri hadi vyombo vimeoshwa. Baba alipofariki, mama alibaki na mdogo wangu, tumbo moja, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nikawa naongea nao kwa simu ya video kila Jumapili nikitoka kanisani.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Kwa mama simu ni kitu cha sikioni. Ikiita anapokea, anaibandika sikioni, halafu ananisemesha kwa furaha zake zote, na mimi huku London natazama sikio. Sikio na hereni.

"Mama, toa simu sikioni!"

"Sasa nitakusikiaje?"

"Utanisikia tu, iweke mbele ya uso."

Anaiweka mbele, naona dari. Anaishusha, naona kidevu na matundu ya pua. Nikizidi kufoka anacheka, anairudisha sikioni, tunaendelea. Mtu mzima mimi, na mvi zangu, nafokeana na mama yangu kwa sababu ya engo.

Basi nikamfundisha mdogo wangu. Nikamwambia, simu ushike wewe. Mkalishe mama aangalie dirisha, mwanga umpige usoni, asiligeuzie mgongo. Inua simu usawa wa macho yake. Halafu msogelee, nataka nimwone uso vizuri, nijue kama amelala au hakulala. Mwalimu yule alishika haraka. Baada ya muda nikawa namwona mama wazi kuliko ninavyomwona jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Edmonton. Nilijisifu mpaka kazini. Nikawaonyesha wenzangu: tazameni mama yangu, tazameni mwanga ule!

Kisha likaja suala la kidonda. Mama ana sukari, tunajua siku nyingi. Mwezi wa pili mdogo wangu aligusia mara moja tu kwamba kuna kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kinasafishwa, kinakauka. Nilikuwa nimepanga kwenda Pasaka, na likizo nilikuwa nimeshaomba. Nikamwuliza mama mwenyewe, "Mama, nije Pasaka au nisubiri Desemba?"

Uso wa mama ukajaa kwenye simu. Umepakwa mafuta, kitambaa kipya kichwani, unang'aa.

"Pasaka mvua, mwanangu, utakaa ndani kama kuku anayeatamia. Njoo Desemba tukae vizuri. Kwani mimi nina nini? Si unaniona? Niangalie!"

Nikamwangalia. Nikasogeza likizo mbele, na wikiendi za kiangazi nikazijaza harusi za watu.

Tangu hapo kila Jumapili ikawa uso. Hakuna mzima, hakuna hata nusu. Uso, dirisha, kitambaa kingine, uso. Na mimi, hata haya sina, nikawa nampongeza mdogo wangu kwamba siku hizi amekuwa fundi, mkono hautikisiki. Lakini fundi wangu wa zamani alikuwa hajanitoka kabisa masikioni, maana Jumapili moja nilisema tu, bila kufikiri, "Hebu rudi nyuma kidogo, nipe mzima."

"Mzima, dada!" akajibu mbio. "Mama mzima kabisa, usiwe na wasiwasi."

"Sikuulizi hivyo. Nasema nipe mzima, mwili wote."

"Si ndiyo nakwambia, mzima wa afya! Dada, bando linaisha, tutaongea."

Simu ikakatika. Haki ya Mungu, nilicheka. Nilicheka peke yangu jikoni, nikasema lugha yetu hii nayo, unaomba shoti unapewa taarifa ya afya. Nikaenda kuosha vyombo. Wahenga walisema mganga hajigangi, nami kwa kweli nilidhani wanasema waganga.

Mwezi wa nane nikawa na sendofu Barking. Nilikuwa napitisha kamera mezani, taratibu, meza moja baada ya nyingine, kwa sababu video ya kwetu isiyoonyesha nani alikuja si video, ni matusi. Yule ambaye sura yake haikuonekana atanuna mpaka Krismasi, na atamwuliza bibi harusi kama alikaa uvunguni. Kwenye meza moja alikaa mama wa makamo ambaye sikuwahi kumwona kwenye shughuli zetu. Alikuwa ametoka Morogoro majuzi tu kuja kumwona mwanawe. Akanitambua, maana mimi na mama tumefanana paji la uso. Akanishika mkono ule ule ulioshika kamera.

"Pole mwanangu na mama," akaninong'oneza. "Mguu umeshapona? Nilimwona kanisani kwenye kile kiti cha magurudumu, jamani, tukalia wote."

Nilimwitikia. Nilisema, "Asante mama, anaendelea vizuri." Mtu akikupa pole unaitikia, mdomo umezoea, unaitikia hata kabla hujajua umepewa pole ya nini. Kisha muziki ukabadilika, bibi harusi akawa mlangoni na wasindikizaji wake, na mshereheshaji anaita kwenye spika, "Kamera! Kamera yetu iko wapi?" Sendofu hairudiwi. Nikaenda nikapiga. Video hiyo ipo, ukiitazama utaona bibi harusi anaingia vizuri na ukumbi mzima unatikisika. Wenyewe walipouliza nikawaambia ndiyo staili ya sasa.

Walipokaa kula nilitoka nje, nyuma ya ukumbi, penye mapipa ya taka, nikapiga simu. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo hawakujiandaa. Mdogo wangu alipokea, nikamwona anahangaika kumtafuta mama kwenye simu, kisha ukaja uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni leo?"

Nilisema na mdogo wangu. "Nipe mzima."

"Mama mzima, da—"

"Usinichezee! Rudi nyuma mpaka ukutani."

Nilisikia jogoo wa jirani asiyejua saa. Halafu sauti ya mama, chini chini: "Mwonyeshe."

Mdogo wangu akarudi nyuma. Kitanda cha mama kilikuwa kimehamia sebuleni, kando ya kabati la vyombo. Mama amekaa kitako kitandani, kitenge kimemfunika kuanzia kiunoni. Upande mmoja kitenge kimeinuka juu ya goti, kikashuka mpaka kwenye unyayo. Upande wa pili kimeinuka kwenye goti, kikalala bapa juu ya godoro. Walikuwa wamemkata chini ya goti wiki chache baada ya Pasaka.

Nilifoka. Nilifoka pale penye mapipa mpaka kijana mmoja aliyetoka kuvuta sigara akarudi ndani. Nimekuwa mgeni? Mimi si mtoto wa nyumba hiyo? Mdogo wangu analia, simu inayumba. "Dada, tungekwambia ungefanya nini? Uko peke yako huko. Ungepandwa na presha ukaanguka, nani angekuokota? Mama alisema usiambiwe."

Na hapo ndipo nilipoacha kufoka, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Mtu aliye nje ya nchi haambiwi jambo zito kwa simu hadi apatikane wa kukaa naye. Mimi mwenyewe hapa London nimeshatumwa, si mara moja, niende kwa fulani nikapike naye chai, nimzuie asishike simu, mpaka mchungaji afike. Niliona ni huruma, na ni huruma kweli. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nimepikiwa chai miezi na miezi.

"Ile siku ya mzima," mdogo wangu akasema, "nilikuelewa, dada. Nilikata simu nikaenda uani kulia."

Ningekwenda Pasaka ningemkuta amesimama. Labda angekuwa anachechemea, labda ana fimbo, lakini angekuja mlangoni kwa miguu yake miwili, nami ningemwona anakuja. Hilo sitalipata tena. Nimeshalizungusha kichwani kila upande na halibadiliki. Watu wananiambia usijilaumu, ulidanganywa kwa upendo. Sawa. Lakini sikudanganywa na mtu ambaye sijui mbinu zake. Niliyeonyesha ukumbi mtupu umejaa ni mimi.

Nikafuta harusi za watu mwezi wa tisa, nikapata lawama zangu, nikaenda. Mama alinipokea kwa utani. "Kumbe umenenepa hivi! Kwenye simu unajikondesha." Tulicheka, tukalia, tukacheka. Nilimwogesha, nikamsuka, nikampikia, na akanikosoa kila chungu nilichoinjika kama zamani. Nilipiga picha zote nilizotaka, akiwa kitandani, akiwa kwenye kiti chake. Hakunikatalia.

Siku moja mchana, mdogo wangu akiwa shuleni, nikiwa nachambua mchele miguuni pake, akaniuliza, "Wewe si ndiye mpiga picha? Huna hata moja nikitembea?"

"Ukitembea?"

"Ya kusimama ninazo, za harusi za watu, nimesimama kama mlingoti. Nataka ya kutembea. Nimeanza kusahau nilivyokuwa natembea. Nikilala naota natembea, lakini kwenye ndoto natembea kama mtu mwingine."

Nikasema ipo, mama, nitaitafuta. Kisha nikainama kwenye ungo, mchele nikawa siuoni.

Nilipekua simu yangu yote. Miaka ya Jumapili, mamia ya picha na vipande vya video, na vyote ni uso. Nina mama akicheka, mama akipiga chafya, mama akisali, mama akinisengenyea majirani. Miguu hakuna. Sikuwahi kuwaza kwamba mwendo wa mtu ni kitu cha kuhifadhi, mimi ambaye nawalipisha watu nikawahifadhie bibi harusi anavyoshuka ngazi.

Niliporudi London nikakumbuka kanda. Nilipokuja huku mara ya kwanza nilibeba kanda chache za kazi zangu za studio, nikidhani nitazionyesha mahali nipewe kazi. Hakuna aliyetaka kuziona. Zilikuwa chini ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki. Nikazipeleka Woolwich kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la kurekebisha vifaa vya umeme, mzaliwa wa Kisumu, anayeongea Kiswahili cha huko bila kigugumizi. "Hizi zimekauka, mama," akasema, "lakini wacha tujaribu, tutaona." Akanivutia kiti nyuma ya kaunta.

Tulitazama kanda baada ya kanda. Nyingi zilikuwa kazi zilizomalizika, zimekatwa na kuungwa vizuri, na ndani yake mama hayumo, ingawa shughuli zile nyingi alipika yeye. Kanda ya mwisho ilikuwa haijakatwa. Harusi uani kwa watu, turubai la buluu, bwana na bibi wamesimama mbele ya keki. Nimeanza na mzima, kama nilivyofundishwa. Na kutoka mkono wa kushoto, nyuma yao, akaingia mama.

Alikuwa amebeba sinia la pilau begani, mkono mmoja umelishika, mwingine umekamata pindo la kitenge. Alikuwa mwembamba. Alitembea akitupa mguu wa kulia mbele kidogo kuliko wa kushoto, kama anaubishia, na mabega hayakutikisika hata chembe, sinia limetulia. Nilikuwa nimesahau. Nilimwona nikasema kwa sauti, "Ndiyo huyo!" Mzee akatabasamu.

Kisha kwenye kanda, karibu kabisa na kinasa sauti, msichana akafoka: "Mama, toka hapo! Unaharibu shoti!"

Mama akashtuka, akaangalia kamera, akacheka kwa aibu. Akainama, kana kwamba akiinama hataonekana na lile sinia, akakaza mwendo akatoka upande wa pili. Bwana na bibi wakabaki na keki yao.

"Nani huyo anafokea mama hivyo?" mzee akauliza.

"Mimi."

Mzee akarudisha kanda nyuma, akaniuliza kama nataka kipande kile kiwe na sauti. Nikamwambia aiondoe sauti.

Nikakituma Morogoro hivyo, bubu. Jioni ile ile mama akanipigia, hajanisalimia vizuri. "Mbona hakisemi? Shughuli yote ile hakuna hata kigelegele?"

"Sauti ni mbovu mama, kanda ya zamani."

"Ilete hivyo hivyo na ubovu wake. Nataka nisikie."

Ningeweza kuweka muziki, ni kazi ya dakika. Ningeweza kukata pale kabla sijafoka, lakini ukikata pale unakata nusu ya hatua zake, na hatua zenyewe ni chache. Nikarudi Woolwich kuchukua chenye sauti, nikakituma chote.

Jumapili nilipopiga, mdogo wangu alipokea akiwa amesimama mbali. Mama alikuwa kitandani, simu ya mdogo wangu ya zamani mkononi, na hakuniangalia.

"Tangu asubuhi anairudia, dada. Hata chai hajanywa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaona ninavyolibeba lile sinia? Unaona mguu huo? Mwepesi! Hebu sikiliza." Akabonyeza. Vigelegele vikatoka, vyembamba, na baada yake sauti yangu, kali, changa, ikajaa sebule nzima: Mama, toka hapo! Mama akajitazama anavyotoka, akacheka, akabonyeza tena. Mama, toka hapo! Akabonyeza tena.

"Mama, basi," nikasema. "Inatosha, mama."

"Ngoja kwanza," akasema, kidole kimeshafika. "Nipite tena."